Malenga Hawi Peke Yake: Muyaka bin Haji na Ujenzi wa Wadhifa wa Mshairi Mombasa

Utangulizi

Wahakiki wa ushairi wa Kiswahili wamezoea kuuliza malenga alisema nini, na alisema kwa ufundi gani. Ni nadra kuuliza malenga aliruhusiwa kufanya nini, aliruhusiwa na nani, na kwa masharti gani. Swali hili la pili ndilo linaloshughulikiwa katika makala haya. Mfano unaotumika ni wa Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, mshairi wa Mombasa aliyeishi takriban kati ya mwaka 1776 na 1840, na ambaye huhesabiwa kuwa bingwa wa shairi la beti fupi za mishororo minne.

Hoja inayotetewa ni kwamba nguvu ya malenga wa Mombasa haikuwa kipawa kilichokaa ndani ya mtu mmoja. Ilikuwa ni wadhifa uliojengwa na watu wengi: mtunzi, mghani, msikilizaji, mpinzani aliyejibu, na mhifadhi aliyekumbuka. Kiungo kimoja kikikatika, wadhifa huo hubadilika, hata kama kipawa cha mtunzi kimebaki vilevile. Kwa hiyo kumsoma Muyaka kama gwiji wa pekee, kama ilivyozoeleka, ni kumpunguzia kile hasa kilichompa uzito katika mji wake.

Malenga wa kubuniwa

Swali la nini malenga anaweza kufanya limewahi kuulizwa waziwazi mahali ambapo wahakiki hawana desturi ya kupatazama. Mwaka 1974 ilitolewa nchini Marekani michezo ya kwanza ya mezani ya aina mpya, iliyoitwa Dungeons & Dragons, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Wachezaji huketi pamoja, kila mmoja akachukua nafsi ya mhusika katika ulimwengu wa ngano, na matokeo ya vitendo vyao huamuliwa kwa kanuni zilizoandikwa na kwa kurusha dadu. Kila mhusika ni wa aina fulani, mathalani mpiganaji, mwizi au mganga, na kila aina imepimiwa uwezo wake.

Malenga aliingizwa katika mchezo huo mwaka 1976, kwa makala ya Doug Schwegman katika jarida la The Strategic Review. Schwegman alimuunda kwa kuchanganya mapokeo matatu ya Ulaya: mshairi wa Waselti, mshairi wa watawala wa Skandinavia, na mwimbaji wa kutangatanga wa nchi za kusini. Katika kitabu cha kanuni cha mwaka 1978 Gygax alimweka malenga katika nyongeza mwishoni mwa kitabu. Ili kuifikia daraja hiyo, mhusika alipaswa kwanza awe mpiganaji, kisha mwizi, kisha aingie katika mafunzo ya makuhani wa Kiselti. Alipofika, alipewa nguvu tatu zilizo kuu: kuwatia wenzake hamasa ya kupigana, kuwateka wasikilizaji kwa muziki, na kujua habari za kale za watu na vitu.

Utaratibu huo una funzo kwa mhakiki. Walioubuni hawakuwa na jamii hai ambamo malenga alikuwa na kazi yake mwenyewe. Walikuwa na majina na visa kutoka vitabuni. Kwa hiyo walimjenga kwa kazi za watu wengine, na nguvu yake wakaiweka ndani ya mwili wake kama vile nguvu ya msuli. Msikilizaji katika kanuni hizo ni mtu wa kutekwa tu. Hana sikio la kupima wala ulimi wa kujibu. Swali basi ni hili: nguvu hizo tatu zikipimwa kwa mji ambao malenga aliishi kweli ndani yake, zinasimama kwa kiasi gani?

Mombasa ya Muyaka

Mji aliozaliwa Muyaka ulikuwa na ugomvi wa muda mrefu kuhusu nani autawale. Waomani waliwatoa Wareno katika Ngome ya Yesu mwaka 1698, baada ya kuizingira kwa takriban miaka mitatu. Katika karne iliyofuata uliwali wa Mombasa ulishikwa na ukoo wa Mazrui. Ukoo wa Busaidi ulipotwaa utawala wa Omani, Mazrui walikataa kuutambua, na wakautawala mji kwa niaba yao wenyewe hadi mwaka 1837.

Hata hivyo Mazrui hawakutawala peke yao. Wenyeji walikuwa wamejipanga katika Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili, yaliyogawika katika makundi mawili: Tisa Taifa, na Tatu Taifa ya Wakilindini, Wachangamwe na Watangana. Kila kundi lilikuwa na wakuu wake, na liwali aliyepoteza ridhaa ya kundi mojawapo alikuwa amepoteza nusu ya mji. Mamlaka yalitegemea maelewano, na maelewano yalitegemea maneno.

Jiografia nayo ilichangia. Kutoka Ngome, kupitia Ndia Kuu, hadi mitaa ya Kibokoni na Kuze ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Neno lililosemwa barazani adhuhuri lingeweza kufika kwa mtawala kabla ya magharibi. Katika mji wa namna hiyo mtunzi hakuhitaji mjumbe wala kibali cha kusikika, na mtawala hakuwa na ukuta mnene wa kumzuilia sauti yake. William Hichens, aliyehariri diwani ya Muyaka, alimsifu kuwa ndiye aliyeutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni. Kauli hiyo ina chumvi kidogo, kwani nyimbo za ngoma na za kazi zilikuwapo sokoni na baharini siku zote. Lakini inaonyesha jambo la kweli. Muyaka alitunga juu ya mapenzi, ndoa, njaa, biashara, urafiki na vita kwa kipimo kimoja cha shairi, na kwa hivyo mambo ya watawala yakaingia katika mazungumzo yaleyale yaliyobeba mambo ya kila siku.

Nguvu tatu katika mizani ya historia

Nguvu ya kwanza ni hamasa. Muyaka alikuwa upande wa Mazrui, na katika diwani yake zimo tungo za kuwahimiza watu wa Mvita na kuwakejeli wapinzani wao. Takriban mwaka 1812 Mombasa, ikishirikiana na Pate, ilipeleka jeshi dhidi ya Lamu. Mapigano yalifanyika Shela, na vita hivyo hujulikana pia kwa jina la Kuduhu. Mombasa na Pate zilishindwa vibaya. Simulizi za Lamu zinaeleza jinsi maji yalivyokupwa na vyombo vya washambuliaji vikakwama mchangani. Walamu, wakihofia kisasi, waliomba himaya ya Sayyid Said wa Omani, na huo ukawa mlango wa Busaidi kuingia kwa nguvu katika siasa za mwambao. Ikiwa malenga hupimwa kwa hamasa anayoitia mikononi mwa wapiganaji, basi Shela inamhukumu Muyaka vibaya.

Nguvu ya pili ni kuteka nyoyo. Hapa pia ushahidi unakataa. Kati ya mwaka 1828 na 1833 Sayyid Said aliushambulia mji zaidi ya mara moja bila ya kuumiliki kwa kudumu. Mwaka 1837 alifaulu, na alifaulu kwa sababu mji wenyewe ulikuwa umegawanyika. Wakuu wa Tatu Taifa, walioudhiwa na utawala wa Rashid bin Salim, walikuwa wamemwelekea yeye. Viongozi wa Mazrui walikamatwa, wakasafirishwa hadi Bandar Abbas, na hawakurudi. Waliosalia walihamia Gazi na Takaungu. Tungo za Muyaka, pamoja na ufasaha wake wote, hazikuzifunga nyoyo za Wakilindini upande wa Ngome. Wasikilizaji walizijua, na wengine yamkini walizighani, lakini walibaki na maamuzi yao. Ushairi haukuwa uchawi.

Nguvu ya tatu, ujuzi wa habari za kale, inakaribia zaidi ukweli, lakini nayo yahitaji kurekebishwa. Shairi la Muyaka halisimulii historia kama utenzi unavyosimulia. Linaitaja kwa fumbo, kwa jina la mahali au la mtu, likimtegemea msikilizaji amalizie mwenyewe. Ujuzi huo haukuwa mali ya malenga. Ulikuwa mali ya mji, na malenga aliugusa tu. Ndiyo maana msomaji wa leo hukwama katika beti ambazo mchuuzi wa Kuze wa mwaka 1820 alizielewa papo hapo.

Kanuni ya jibu

Ikiwa nguvu hizo tatu hazitoshi kueleza uzito wa malenga, inabidi kutafuta ile ambayo wabunifu wa mchezo hawakuiona. Nguvu hiyo ni ya kujibiwa. Katika mapokeo ya mwambao shairi ni kauli inayongojea kauli. Katika ngoma ya gungu mshairi alifunga fumbo na mwingine akatakiwa alifungue. Katika malumbano mtunzi alirusha hoja na mpinzani akairudisha, kwa kawaida katika bahari ileile na mara nyingi kwa vina vilevile. Mzozo wa Mombasa na Lamu uliendeshwa hivyo, si kwa mishale na bunduki pekee. Upande wa Lamu alisimama Bwana Zahidi Mngumi, ambaye alikuwa kiongozi wa mji na mshairi kwa wakati mmoja. Mashairi ya pande zote mbili yalihifadhiwa, na baadhi yake yalichapishwa pamoja na uchambuzi mwaka 1995 na Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff chini ya anwani ya Mashairi ya Vita vya Kuduhu.

Kwa mtazamo huu, arudhi haiwi pambo. Shairi lina mizani kumi na sita katika mshororo, nane kwa nane, na vina vya kati na vya mwisho. Kipimo hicho kinajulikana kwa mtunzi, kwa mpinzani na kwa msikilizaji asiyetunga. Kwa kuwa kinajulikana kwa wote, wote wanaweza kuhukumu. Aliyepungukiwa na mizani husikika. Aliyekwepa hoja kwa kujificha nyuma ya vina naye husikika. Ubeti mfupi hukaririwa kwa kusikiwa mara chache, na kwa hiyo huweza kusafiri kwa dau hadi Lamu ukiwa mzima na ukapata jibu linaostahiki. Arudhi, kwa lugha ya mchezo, ndiyo kitabu cha kanuni. Tofauti ni kwamba mji mzima ulikuwa umekisoma, na badala ya dadu waliamua watu.

Mjadala uliogawanya wahakiki katika miaka ya 1970 na 1980, kati ya waliotetea vina na mizani na waliotetea ushairi huru, ulipita kando ya jambo hili. Upande mmoja ulisema arudhi ndiyo utambulisho wa ushairi wa Kiswahili. Upande wa pili ukasema ni minyororo. Pande zote mbili ziliijadili kama mali ya mtunzi. Mfano wa Muyaka unaonyesha kwamba ilikuwa pia mali ya msikilizaji, yaani silaha yake ya kumdai mtunzi hesabu. Mwenye kuiacha anaweza kuwa na sababu nzuri, lakini analazimika kueleza hadhira yake itampima kwa kipi.

Pingamizi moja lafaa kujibiwa hapa. Yawezekana kudaiwa kwamba Muyaka alikuwa kipaza sauti cha Mazrui tu, na kwamba mazungumzo yanayosifiwa yalikuwa propaganda ya wenye Ngome. Ni kweli kwamba alikuwa na upande, na hakuuficha. Lakini msemaji wa mtawala huhitaji wapinzani wanyamaze. Muyaka alihitaji wajibu. Sifa yake ilitokana na mabishano ambayo upande wa pili ulikuwa na haki sawa ya kusikika, na Lamu iliitumia haki hiyo kikamilifu. Kuwa na upande na kuwa chini ya hukumu ya watu si mambo yanayopingana.

Mhifadhi kama sehemu ya wadhifa

Muyaka alifariki dunia takriban mwaka 1840, miaka michache baada ya kuanguka kwa marafiki zake. Mji ulikuwa mikononi mwa waliowashinda, na hapakuwa na serikali yenye sababu ya kuzitunza tungo zake. Zilibaki vinywani. Nusu karne baadaye Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, msomi na mshairi wa Mombasa aliyefariki mwaka 1890, alizikusanya na kuziandika akishirikiana na William Ernest Taylor, mmisionari wa Kiingereza aliyekuwa mwanafunzi hodari wa Kimvita. Karatasi za Taylor zilifika London, na kutoka katika hizo Hichens alihariri Diwani ya Muyaka, iliyochapishwa na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, mwaka 1940. Mwaka 1979 Mohamed Hassan Abdulaziz aliichapisha Nairobi kazi yake kuhusu Muyaka, iliyomrudisha mshairi huyo katika mazingira ya jamii yake.

Katika mlolongo huo kiungo chembamba zaidi ni Sikujua. Bila yeye, Muyaka angekuwa jina katika simulizi za wazee. Hata hivyo jina la Sikujua hutajwa katika dibaji, na la Muyaka katika jalada. Mgawanyo huo wa heshima ni matokeo ya dhana ileile ya malenga wa pekee. Aliyekumbuka, akachagua na kufafanua maneno magumu hakuwa karani. Alikuwa akitimiza sehemu ya mwisho ya kazi aliyoianza mwingine.

Hapa ndipo swali la Shela na la mwaka 1837 linapopata jibu. Tungo za Muyaka hazikuiokoa Ngome. Zilichofanya ni kuuhifadhi ugomvi wenyewe ukiwa bado haujaamuliwa. Kumbukumbu za washindi hueleza matokeo kana kwamba yalikuwa lazima. Mashairi ya kujibizana huonyesha watu waliokuwa hawajui kesho itakuwaje, wakitishana, wakitaniana na wakionyana. Mwanahistoria akitaka kujua nani alishinda ana vyanzo vingi. Akitaka kujua kushindwa kulihofiwaje kabla hakujatokea, hana budi kurejea kwa malenga.

Wadhifa baada ya Muyaka

Katika karne ya ishirini kazi za malenga wa Mombasa zilizidi kugawanywa. Ahmad Nassir Juma Bhalo, ambaye diwani yake Malenga wa Mvita ilitoka mwaka 1971, alitunga nyimbo nyingi zilizovuma kwa sauti ya binamu yake, mwimbaji wa taarab Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014. Zein l'Abdin Ahmed, fundi wa udi aliyezaliwa Lamu na kufanya kazi zake Mombasa, aliimba tungo za Ahmed Sheikh Nabhany, ambaye mwenyewe alikuwa mtunzi na mhifadhi wa lugha na miswada. Mhusika wa mchezo wa mezani hutunga, hupiga ala, huimba na hukumbuka, yote peke yake. Mombasa ilizigawa kazi hizo kwa watu wanne na wadhifa ukazidi kustawi.

Kilichobadilika zaidi ni umbali wa mtawala. Abdilatif Abdalla, ndugu yake Ahmad Nassir, alisambaza waraka wa kisiasa wenye anwani Kenya: Twendapi? Mwaka 1969 alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Gerezani Kamiti, akiwa ametengwa na watu, alitunga mashairi kwa siri na kuyaandika katika karatasi za chooni. Yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Arudhi yake ni ileile ya Muyaka, na Kimvita chake hakina dosari. Lakini wadhifa ulikuwa umevunjwa katikati. Serikali ilikaa Nairobi, haikuwa barazani, na haikujibu kwa bahari wala kwa vina. Jibu lake lilitoka mahakamani.

Hata hivyo mapokeo yalionyesha uimara wake. Akiwa hana msikilizaji, Abdilatif alitunga kama mtu anayesikilizwa, na katika baadhi ya tungo zake aliweka sauti mbili zinazobishana, kana kwamba upweke wenyewe ulihitaji mpinzani. Kitabu kilipotoka, hadhira aliyonyimwa kwa miaka mitatu ilikutana na tungo zake, na mwaka 1974 kazi hiyo ilipewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, tuzo yenye jina la rais yuleyule ambaye chini ya serikali yake mshairi alifungwa.

Hitimisho

Atakayebuni malenga kwa kufuata mfano wa Mombasa, iwe katika mchezo, katika riwaya au katika nadharia ya fasihi, atalazimika kuandika kanuni tofauti na zile za mwaka 1978. Nguvu ya mhusika huyo haitazidi ujuzi wa wanaomsikiliza. Kila utungo utampa mpinzani haki ya kujibu, na jibu lililo bora litamshusha. Hatashinda vita wala kugeuza nyoyo kwa sauti tu. Lakini hataweza pia kunyamazishwa kwa kufa, maadamu yupo mmoja anayekumbuka.

Kwa uhakiki wa fasihi, matokeo yake ni ya kazi zaidi kuliko ya nadharia. Utafiti wa mshairi mmoja haujakamilika mpaka waliomjibu watafutwe, wasikilizaji wake waelezwe, na waliomhifadhi wapewe nafasi yao. Kwa Muyaka kazi hiyo imeanzwa. Kwa wale ambao hawakumpata Sikujua wao, wakiwemo wanawake waliotunga na kughani katika ngoma na arusi za mji uleule, mlango ni mwembamba zaidi, na kila mzee anayefariki hupunguza upana wake.